Nani Atamchimbia Kalisti

Apolonia alifundisha watu kujitolea. Kikundi chake cha akina mama, huku jirani na Kolandoto, kilishirikiana na chuo kikuu: chuo kilileta wanafunzi, yeye akawapeleka kwa wachimbaji wa zamani waliorudi kutoka Geita na vumbi kifuani, wawafulie, wawapikie, wawasindikize hospitali. Nimekutana na watu wa namna yake katika nchi kadhaa. Mara nyingi wao huwa hawawaoni majirani zao wenyewe.

Kalisti, mumewe, alikufa alfajiri. Jua likapanda, hakuna jirani aliyefika. Apolonia akaenda mwenyewe kwa Ngassa, mkuu wa chama cha kuzikana.

"Mwangaluka, baba," alisalimu kwa Kisukuma. "Kalisti ametutoka."

Ngassa aliendelea kunoa jembe. "Maskini Kalisti. Lakini nyumba yenu imetengwa, unajua. Kwenye msiba wa mama wa jirani yako Sesilia, wewe ulikuwa wapi?"

"Kahama, na wanafunzi."

"Na ule wa kabla yake?"

"Semina."

"Ehee! Sisi hatuna semina, mayu, mama yetu. Tuna kuchota maji na kukesha. Waite wale wanafunzi wako wa fulana za bluu wakuchimbie."

Aliyetengwa hasalimiwi, haazimwi moto, hazikwi. Anayemsaidia naye hutengwa. Apolonia alikuwa amedhani ni hasira za kupita.

Akampigia simu Loveness, kiongozi wa wanafunzi. Walifika mchana na gari la chuo, wakachimba kwa moyo wote. Lakini udongo wa mbuga wakati wa kiangazi ni tofali. Jua likiinama, shimo lilikuwa magotini, viganja vyao vinatoka damu, na maiti haikuweza kungoja zaidi katika joto lile. Wanaume wa kijiji walitazama kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa.

"Mama, tupumzike kidogo," Loveness alisema.

Apolonia alikaza kanga kiunoni, akachukua sururu, akaingia shimoni. Kijijini hapo mwanamke hachimbi kaburi, sembuse mjane.

"Mtoeni!" mwanamke mmoja alipiga ukelele. "Mtoeni huyo!"

Ngassa alipenya uani mbio. "Toka, mayu! Unataka kutuletea balaa?"

"Sitoki mpaka limtoshe mume wangu."

"Toka. Tutachimba sisi. Ni kwa ajili ya Kalisti, hakukosa msiba wa mtu. Wewe bado umetengwa."

Walimzika kabla ya giza. Baada ya maziko watu hunawa kwa mfiwa, naye alikuwa ameweka beseni na sabuni mlangoni. Wanaume walilipita na udongo mikononi, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kunawa kwa Sesilia.

Wanafunzi walinawa.

"Nilale na wewe leo, mama," Loveness alisema.

"Nenda, mwanangu. Ukibaki watasema nimewachagua ninyi tena."

Gari lilipoondoka, aliyamwaga maji, akaingia ndani peke yake.