Mkono wa Koti

Mwaka wa mgomo wa wafanyakazi wa mashamba ya karanga, Nachingwea, nilikuwa Mwafrika pekee katika maabara ya udongo. Nilikuwa nimeusomea udongo huko Uganda, lakini mzungu aliyenisimamia aliniita boi na kunioshesha chupa. Siku niliyogusa hadubini yake alinizaba kofi mbele ya wafagiaji. Kilichonitambulisha kuwa mtafiti ni koti jeupe tu.

Siku ya mgomo nilitoka nje nikiwa nimelivaa. Jiwe likanipasua juu ya jicho, damu ikatiririka hadi kifuani. Askari wakawavamia wagomaji kwa virungu, nikasikia mifupa ikivunjika.

Hospitali ya Waafrika ilikuwa na benchi moja. Niliketi karibu na kijana wa kijiji cha Nkowe, mkono wake umevunjika na unaning'inia. Alinitazama sana.

"Lile jiwe ni langu, kaka," akasema. "Nililipiga koti. Sikujua ndani kuna mtu wa kwetu."

Nilitaka kumvunja na ule mkono uliobaki.

Kabla sijainuka akaingia dereva wa yule mzungu. Ametumwa kulichukua koti, alisema, ni mali ya kazini.

"Na jicho je?"

"Jicho hakunituma."

Nikalivua. Nikaung'ata mkono wa koti begani, nikaung'oa, nikamfungia nao yule kijana mkono wake shingoni. Lililobaki nikamtupia dereva.

"Akiuliza mkono mmoja uko wapi, mwambie umevunjwa na askari."