Uwanja wa Padel Kule Milimani

Pa! Mpira ukigonga kioo: hiyo ndiyo sauti iliyomkaa msusi Kalenga masikioni tangu mwaka 2018, walipocheza padel, mchezo wa raketi kwenye uwanja wenye kuta za kioo, kila Jumamosi huko Auderghem, Ubelgiji. Mwenzake wa upande wa kulia alikuwa muuguzi wa wazee, mwenye viganja vilivyokauka kwa kunawa mno. Kabla ya kuanzisha mpira aligonga kioo mara mbili na kusema, "Hodi," wala hakupiga mpaka wapinzani waitikie, "Karibu." Alipokosea, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Jumamosi moja muuguzi huyo alikaa benchini akipigia simu klabu za Uswisi. Alikuwa amepata kazi kwenye mji wa milimani na alitakiwa kujibu kufikia Jumatatu. Tenisi ipo, walimwambia. Kuteleza thelujini kupo. Padel ndiyo nini? Kila jina la klabu aliloandika nyuma ya bahasha alilikata taratibu.

"Alors, yaya, kule ni mulima tu," Kalenga akamtania kwa Kiswahili cha Kongo, akimwita yaya kama ndugu mkubwa. "Mupira ikikuponyoka utaifuata mpaka Italia."

"Nitaifuata na treni," muuguzi akajibu, akapiga simu tena.

Safari hii uwanja ulipatikana. Kalenga akainama kufunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa. Sauti ya simuni ikauliza kama ana wenzake, maana padel huchezwa na wanne. Muuguzi akamtazama yule aliyeinama, akaziba simu kwa kiganja, akanong'ona, "Kalenga, nimuambie tuko wawili?"