Kadi Iliyokatwa kwa Mkasi wa Meno

Kwa Mama Sare hakitupwi kitu. Kipande cha kitambaa kikitosha kufunika kifungo kinawekwa. Uzi wa urefu wa kidole unasubiri siku yake. Miaka thelathini na mitano amewashonea wanafunzi wa shule nne, na ukimpelekea suruali iliyobandikwa pindo kwa gundi atakusema mpaka ujute kuzaa mwanafunzi.

Mwenzake kazini ni mwanawe wa kwanza, mwanamume wa miaka thelathini na miwili ambaye wateja humwita Mkaguzi. Hupitia kila sare iliyokamilika, akanyofoa nyuzi zilizochomoza, na mshono ukiwa umepinda huirudisha bila kumwonea mtu haya, hata mama yake. Huongea polepole, hucheka upesi, na akihesabu vifungo huishia ishirini. Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kulia, humsogezea mama yake paji la uso.

"Homa imepungua?"

Naye humwekea kiganja. "Bado kidogo, mwanangu."

Maana ndivyo ilivyojulikana: akiwa mchanga alipatwa na homa kali, ikamharibu. Mama Sare aliwaambia hivyo wifi zake, waliokuwa wameshaanza kunong'onezana mtoto yule amefanana na ukoo wa nani. Mumewe aliamini mpaka akaingia kaburini. Na binti yake, mdogo wa Mkaguzi, aliinyonya habari ya homa hiyo pamoja na maziwa.

Basi binti akapata mimba yake ya kwanza. Picha ya tumbo ikaonyesha kitu ambacho daktari hakukipenda, akashauri damu ipelekwe kupimwa vinasaba, tena isizidi siku kumi. Bei ya kipimo ilikuwa mishahara ya miezi mitano ya mkwe, fundi mitambo kiwandani. Bima ya kiwanda ingelipa, ila kwa sharti: mjamzito awe amefikisha miaka thelathini na mitano, au awe na ndugu wa damu aliyezaliwa na hitilafu ya vinasaba. Binti ana ishirini na tisa. Kwenye swali la ndugu aliandika, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba kaka yake aliharibiwa na homa. Bima wakakataa.

Mama Sare alikuwepo barua iliposomwa. Sentensi moja tu kutoka kwake ingetosha. Badala yake alijitia hamnazo, akakanyaga cherehani kwa nguvu hadi sindano ikakatika. Mkwe akaanza kutafuta mtu wa kumuuzia pikipiki anayoendea kazini, na mama mkwe akamwambia, "Mungu atafungua njia," kana kwamba ufunguo haukuwa mdomoni mwake mwenyewe.

Binti hakukata tamaa. Alipekua sanduku la vyeti vya nyumbani, akapata kadi ya kliniki ya kaka yake, akaona jina na uzito wa kuzaliwa, akaona yatosha kukatia rufaa, bima waamue wenyewe kama ni homa tu. "Twende wote, Mama. Wewe ndiye unayejua habari zake." Kukataa kungezua maswali, kwa hiyo Mama Sare akaenda.

Karani wa bima aliyekuwa dirishani alikuwa dada mpole, miwani yake inaning'inia kifuani. Akaifungua kadi, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga.

"Mama, hapa chini pamekwenda wapi? Ndipo daktari anapoandika maoni yake."

Kadi haikuwa imechanika. Ukingo wake wa chini ulikuwa na ncha ndogondogo zilizolingana, moja baada ya nyingine, toka mwanzo hadi mwisho.

"Panya hawa!" karani akasema.

Binti aliutazama ukingo ule. Alikulia chini ya meza ya cherehani na anaujua mkasi wa meno, ule unaokatia kitambaa kisifumuke. Nyumbani kwao hakuna mwingine anayeruhusiwa kuushika.

"Siyo panya," akasema taratibu. "Mama?"

Mama Sare alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyuma yao foleni yote ilikuwa imenyamaza, kama kawaida ya foleni penye mambo ya watu.

"Paliandikwa nini, Mama?"

"Kwamba amezaliwa hivyo. Ana kromosomu ya ziada. Daktari aliniambia siku ya pili tu."

"Na hicho kipande?" karani akauliza.

"Kipo kwenye kopo la vifungo."

"Hukukitupa?"

"Mimi situpi vipande."

Hakuna aliyecheka. Binti alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Barua inasomwa, ulikuwepo. Mume wangu anatafuta mteja wa pikipiki, ulikuwepo. Ulikuwa unamwonea Kaka aibu kiasi hicho?"

"Niliwaogopa shangazi zako."

"Shangazi wamekufa wote, Mama."

"Najua. Nilibaki naogopa tu."

Miaka yote alidhani aibu yake ilikuwa ya mtoto. Pale dirishani, mbele ya watu asiowajua, aliiona ni yake mwenyewe, na ilimchoma mpaka masikio. Alasiri ile ile kipande kililetwa. Karani akakisogeza kwenye kadi, meno yakaingiana bila kubakiza hata nafasi ya uzi, akabandika kwa gundi ya karatasi na kugonga muhuri.

Siku ya tatu binti alituma ujumbe: "Wamekubali." Hakuandika Mama, wala salamu.

Kesho yake asubuhi Mkaguzi alisogeza paji la uso kama kawaida.

"Homa imepungua?"

Kiganja kikatua. "Huna homa, mwanangu."

"Imeisha?"

"Haikuwepo. Ulizaliwa hivyo hivyo ulivyo. Mimi niliwadanganya watu, na wewe nikakudanganya."

Mkaguzi alifikiri, akinyofoa uzi kwenye kola ya sare aliyoishika. "Kwa hiyo mimi siumwi?"

"Huumwi. Hujawahi kuumwa."

Akacheka kwa furaha, kisha kicheko kikakatika.

"Sasa mbona kila siku ulikuwa unasema bado kidogo?"

Kiganja cha Mama Sare kilikuwa bado kwenye paji la uso wa mwanawe, na hakujua akiondoe au akiache.