Ng'ombe wa Timu ya Taifa

Nilirudi Kahama katikati ya miaka ya tisini na stashahada ya umeme, ya kwanza katika ukoo wetu. Niliipata kwa kubeba magunia ya mpunga, bila msaada wa mjomba wala shangazi. Nilirudi pia na redio kubwa ya spika mbili, nikaipeleka mtaa wa Nyahanga kwa fundi baiskeli, ambako baba yangu na wazee wenzake walisikilizia mechi za timu ya taifa.

Yule fundi hakumaliza hata darasa la nne. Lakini mtangazaji akisema, yeye ndiye aliyewageuzia wazee maneno yake kwa Kisukuma, na baba alimsikiliza kama anasomewa wosia. Mimi hakuwahi kunisikiliza hivyo, hata siku niliyomwonyesha cheti. Iliniuma.

Siku tulipocheza na Uganda nikasema, "Leo natafsiri mimi."

Fundi akafuta grisi mikononi. "Karibu, msomi."

Nikatafsiri sawasawa, majina yote ya wachezaji kama yalivyotajwa. Wazee wakaanza kukohoa.

"Mpira anao nani?" akauliza baba.

Nikataja jina la aliyekuwa anapiga kona.

"Huyo simjui. Ni ng'ombe gani?"

Nilidhani ananitania. Mzee mmoja akanionea huruma, akanieleza. Tangu ile sare ya Ndola iliyotupeleka Kombe la Afrika kule Lagos, fundi alimpa kila mchezaji ng'ombe wake. Beki alikuwa fahali mweusi asiye na pembe. Mfungaji, mwekundu mwenye baka usoni. Mchezaji akistaafu, aliyeshika nafasi yake aliitwa ndama wake. Wazee wale hawakusoma gazeti, lakini walijua historia ya timu nzima, kizazi kwa kizazi, kama wanavyojua mazizi yao.

"Basi huyu ndama wa nani?" baba akasisitiza.

Nikabuni. "Wa yule mweupe."

Wakaangua kicheko. "Mweupe ni golikipa, ng'wana wane, mwanangu! Leo golikipa kaenda kupiga kona?"

Baba hakucheka. Akahamisha kigoda chake, akakaa karibu na fundi. "Tuambie wewe, tunapitwa." Kisha akanigeukia. "Ongeza sauti."

Nikaongeza. Fundi akaanza. Ndama wa mwekundu akamtoka mtu pembeni, na baba, kwa furaha, akamkumbatia fundi shingoni kwa mkono ule ambao tangu nirudi nyumbani ulikuwa umenisalimia tu.