Katjimune na Maksai Wake

Vezemburuka Tjambiru, binti wa Mukaatjauriri aliyemfuata ndama milimani akarudi naye begani, mjukuu wa Wapenga aliyevuka mto Kunene uliofurika akiwa ameshika mkia wa fahali. Huyo ndiye wifi yangu, naye kazi yake ilikuwa kuchora watu. Alichorea mkaa na udongo mwekundu uleule tunaojipaka, juu ya karatasi za mifuko ya unga. Hakuna mama wa hapa aliyewahi kulalamika kwamba kapunguziwa shanga hata moja ya mguuni.

Aliyekataa kuchorwa ni mzee Katjimune peke yake. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe, akawa anashinda kajifunika blanketi kama mgonjwa.

"Chora fimbo yangu," alisema. "Mtu asiye na ng'ombe ana uso gani?"

"Basi nieleze yule maksai uliyekuwa ukimwimbia. Nitawachora wote wawili."

Alianza kwa kununa, akaishia kugomba.

"Huyo ni punda!"

"Kafanana na wewe, mzee. Sema vizuri."

"Mgongo mweupe! Madoa ubavuni, kama majivu yaliyopeperushwa. Siyo hayo, hayo upele!"

Karatasi nyingi zilitumika kuwashia moto wa kupikia. Halafu siku moja Katjimune akagusa mgongo wa maksai karatasini kwa kidole.

"Ndiye." Blanketi lilimdondoka, hakuliokota. "Sasa nichore mimi, nimesimama karibu naye."

Picha ilitundikwa nyumbani kwa wifi. Muharukua wa ng'ambo ya mto, aliyekuja kijijini kwetu harusini, aliiona akapiga kelele.

"Binamu Katjimune! Huyu anakunywa maji kwetu!"

"Umelewa. Alifia mikononi mwangu."

"Nasema mtamba, mwenye rangi hiihii! Bibi yake mtamba huyo aliletwa kwa baba atunzwe, kabla ya vita. Baba alipokuwa anakufa alituambia, huyu si wetu, mwenyewe mtamjua kwa rangi ya ng'ombe wake; pumzi ikamwishia kabla ya kutaja jina. Tumengoja mpaka tumechoka."

Katjimune alikaa chini. "Nilimpeleka mimi. Nikajua vita vimemla."

Mwezi ulipoandama, Muharukua akamleta mtamba, tena ana mimba. Katjimune alijipaka siagi, akatoka kumlaki akiimba kwa sauti iliyokwaruza.

Wifi hakutoka, macho yake yalikuwa yamefifia. Alimwita binti yangu Kavezeri, akamtia mkaa mkononi.

"Mtamba akizaa, mchore ndama siku hiyohiyo, doa kwa doa. Ukikosea, mwite Katjimune akutukane."