Kamba ya Karani

Juzi nilikuwa bandari kavu ya Kwala, nikamwona mlinzi akimvuta mbwa wake anuse malori. Kidogo nimwambie, "Legeza kamba, kaka." Nikapita zangu. Mimi ni nani wa kumfundisha mtu kazi?

Haya ni ya utotoni, pengine nachanganya mawili matatu. Kwetu Marui babu alikuwa na mbwa wa kufuatia nguruwe pori waliofukua mihogo. Tulimwita Karani, maana alitembea pua chini kama anasoma daftari. Mguu ulipomshinda babu, kamba nikashika mimi, mjukuu wake wa kike, kwa masharti: iwe ndefu nisilambwe, maana mate ya mbwa ni najisi, na nisijifanye najua. "Mkia ukikakamaa, mfuate. Akiinua kichwa, simama. Wewe huna pua, una kamba tu."

Basi akapotea mbuzi wa akika ya mdogo wangu. Shughuli kesho, bibi ameshatwanga viungo vya pilau. Jirani yetu akasema kwa sauti kwamba ni yule mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini, nani mwingine? Wengi wakaitikia.

Nikamnusisha Karani kamba aliyofungiwa mbuzi, akashika njia, watu nyuma yangu kama maandamano. Penye njia panda akasimama, akainua kichwa. Nilipaswa kusimama. Lakini jirani alikuwa akinipumulia kisogoni, "Kwa mfugaji, kwa mfugaji." Mkono wangu ukavuta kushoto, kidogo tu. Karani akaja, mkia umelegea kama mlenda. Niliuona.

Bomani kwa mfugaji, Karani akajilaza kivulini. Mfugaji akatutazama wote. "Karibuni. Mmemleta mbwa apumzike?" Mkewe akatupatia maziwa. Tuliyanywa kwa aibu.

Babu akafika akichechemea, akatazama kamba ilivyonichuna kiganja. "Rudi njia panda. Legeza."

Safari hii mkia ukakakamaa. Karani akatupeleka moja kwa moja kwenye bafu la makuti la jirani yetu yule yule. Ndani, mbuzi wetu anamalizia kutafuna shingo ya kanzu ya jirani iliyofuliwa kwa ajili ya akika. Kwa haki niseme, jirani hakuiba. Mbuzi aliingia mwenyewe, naye akafunga mlango bila kuchungulia, akawahi kuja kupiga kelele. Karani kwa furaha akamlamba jirani mkono. Ikabidi auoshe mara saba, pamoja na udongo, akihesabu kwa sauti, na kila tukicheka anapoteza hesabu.

"Nne... We mtoto, nilifika ngapi?"

"Mbili, shikamoo."

"Marahaba. Mbili."

Kesho yake mfugaji alipelekewa paja zima. Babu akamwambia, "Tuwie radhi, bwana. Mbwa alikosea njia." Nilikuwa nimebeba sinia, nikatazama chini.

Tangu hapo Karani akawa na doa. Hadi anakufa watu walisema, mbwa hodari, ila siku ile alitupotosha. Leo boma halipo, mfugaji alihamia sijui wapi, babu na jirani wote wametangulia. Wa kumweleza nimebaki na wewe tu. Mbwa alisimama vizuri. Mkono ulikuwa wangu.