Trekta Lisilozimika Kwenye Maziko ya Mama Nakunda

Hili jambo nikilikumbuka uso huwa sina pa kuuweka, na nawaambieni ninyi tu kwa kuwa mmenizoea. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa huku bondeni Ndungu, na mimi ndiye nilikuwa dereva wa trekta la kijiji, kuukuu, limechoka (dereva tu, si fundi, ingawa aliyeniita fundi sikuwahi kumsahihisha).

Akafariki Mama Nakunda. Mumewe, Mzee Senkondo, akaomba wakamzike kwenye shamba lao la zamani chini ya mlima, kule walikotolewa, mwenyekiti wa kijiji akakubali, jeneza liende kwa tela la trekta. Asubuhi nawasha, injini inapanda yenyewe, inashuka, inapanda tena. Kuangalia, springi ya gavana, ile inayoituliza injini isikimbie, imekatika.

"Tumwite fundi wa Same?" mwenyekiti akaniuliza.

Fundi wa Same angefika kesho yake, na joto la Ndungu mnalijua, lakini kusema kweli sababu haikuwa joto, ni wafiwa walivyokuwa wananitazama. Nikasema, "Naweza."

Nikatafuta waya wa kuufunga mkono wa mafuta, ule wa kuongeza na kupunguza kasi ya injini, nikakosa, basi nikachomoa ule waya wa kuzimia injini (nikajiambia mambo ya kuzima tutayajua huko huko), nikafunga, injini ikatulia, watu wakanisifu nami nikapokea.

Njia ilikuwa mashimo matupu. Kufika kaburini waya ukawa umevutika, mkono wa mafuta umenasa juu kabisa, trekta limesimama lakini injini inanguruma kwa nguvu zake zote na sina cha kuizimia. Koki ya kufungia dizeli nayo imeshika kutu, niliizungusha mpaka vidole vikachubuka. Mchungaji akaanza, akapaza sauti, akanyamaza, akaanza tena, sisi tunaona midomo tu.

Mzee Senkondo akanijia, akasema sikioni mwangu, "Zima, mwanangu."

"Haizimiki, baba."

Akanitazama, akarudi kwa mkewe.

Kaburi lilikuwa limeshafukiwa ndipo kibarua mmoja wa mkonge, mtu wa Songea, alipopanda, akakanyaga breki, akaingiza gia kubwa na kuachia klachi ghafla. Likazima. Hakuna aliyenitukana. Walirudi kijijini kwa miguu wote, hata bibi wenye fimbo, na mimi, baada ya kuufunga upya waya na kuliwasha, nyuma yao na tela tupu.

Baada ya wiki nikaenda kuomba radhi. Mzee Senkondo aliitikia shikamoo yangu, akanipa kiti.

"Mchungaji alikuja kunisomea tena maneno yote ya maziko," akasema taratibu. "Nimemshukuru. Ila mimi nilitaka yasemwe mke wangu akiwapo."

Siku hizi nisichokijua nasema sikijui, mapema, hata kama nitachekwa. Funzo nimelipata, lakini nimelipatia kwenye kaburi la mke wa mtu.